Maganda Ndani ya Difu

Mimi oili hainitii kinyaa. Nimeshakula mkate kwa mikono iliyotoka kwenye girisi na sikuugua. Kinachonitia kinyaa ni watu. Mteja anayetema mate kwenye sakafu niliyoifagia, mteja anayeniuliza fundi yuko wapi huku nimeshika spana, na juu yao wote shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye hachokonoi meno bila kukuonyesha alichokitoa. Tunamwita Mjuaji. Hajawahi kukosa jibu tangu alipooa kwetu.

Basi Jumamosi moja asubuhi mdogo wangu aliingia karakana na pikipiki yake, akaizima mlangoni, hata kofia hakuvua.

"Dada, kelele za nyuma zimerudi."

"Zimerudi? Kwani zilikwenda wapi?"

"Zilianza kabla ya mvua, ulipokuwa umesafiri. Mume wangu akaichukua Jumapili moja, akairudisha imenyamaza. Akaniambia ameirekebisha."

"Mjuaji ameirekebisha?"

"Usianze, dada."

Sikuanza. Nilinyamaza tu, ila uso wangu haujui kunyamaza, akauona.

Mdogo wangu ni mkunga. Zahanati yake iko mlimani, juu ya mteremko wenye kona ambazo hata mbuzi huzipita kwa adabu. Gari la wagonjwa likiharibika, na kuharibika ndiyo kazi yake kubwa, yeye humpakia mwanamke mwenye uchungu nyuma ya pikipiki na kumshusha hospitali bondeni. Kesho yake asubuhi alikuwa zamu. Kwa hiyo kelele ile haikuwa ya kuuliziwa wiki ijayo.

Pikipiki yenyewe haina mnyororo. Nguvu za injini hupita kwenye shafti, fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya mkono wa nyuma, hadi kwenye difu, lile bonge la chuma lililokaa ubavuni mwa gurudumu, ambamo gia mbili zinaumana ili tairi lizunguke. Mnyororo ukichoka unauona kwa macho. Shafti na difu vikiumwa huoni kitu, unasikia tu. Ndiyo maana karakana yetu ina jina. Baba yangu, aliyeianzisha, anaitwa Mzee Sikio mtaa mzima. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini nyuma ya sikio, anafumba macho, na hakuna pikipiki inayotoka kwetu kabla hajasema neno lake. Anasema "Nenda" au anasema "Rudi". Siku hizi kazi ya mikono naifanya mimi, yeye anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango na redio yake inayonguruma mpaka visanduku vya nati vinatetemeka. Nimeshamwambia apunguze. Anasema watangazaji wa leo wananong'ona.

Niliichukua pikipiki nikaizungusha barabarani. Ilipokolea mwendo nikakamata klachi, injini ikatulia, na kelele ikabaki. Ilikuwa mvumo wenye mchanga ndani yake, kama mtu anayesaga meno usingizini. Kwa hiyo injini haikuwa na hatia, ugonjwa ulikuwa nyuma. Kisha nikawa naachia mafuta na kuyakamata, na kila mara kitu kikagonga ko! chini ya makalio yangu. Magonjwa mawili, basi.

Niliporudi nikaipandisha kwenye stendi kubwa, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa. Likacheza. Tairi la nyuma halitakiwi kucheza, hilo si jino la mtoto. Nikalitoa. Ule ugonjwa wa kugonga ukajieleza wenyewe: meno yanayounganisha gurudumu na difu yalikuwa makavu kabisa, yamejaa unga mwekundu wa kutu, laini kama tofali lililosagwa. Yanatakiwa kupakwa girisi kila tairi linapotolewa. Fundi wa pembezoni aliyebadilisha tairi mara ya mwisho hakuona haja. Watu wa namna hiyo ndio wanaosukutua kwa maji matupu wakasema wamepiga mswaki.

Hilo lilikuwa dogo. Yalikuwa hayajaliwa sana, na girisi ingeyatosha. Nikaweka karai chini ya difu, nikalegeza kizibo cha kumwagia oili. Uzi uliozungushwa kwenye kizibo ili oili isivuje nikaubandua kwa ukucha, kama ninavyobandua kila siku, nikangoja oili ishuke.

Haikushuka oili. Kwanza hakikutoka kitu. Nikachokoa kwa waya, ndipo likaanguka donge, pwaa, kisha uji mweusi ukafuata ukijikokota. Oili ya gia ikizeeka hunuka mayai mabovu, hiyo nimeizoea. Hii ilinuka mayai mabovu yaliyotapikwa na mlevi. Nikatia vidole. Ulikuwa unga wa mbao uliolowana, na ndani yake nyuzi ndefu nyeusi zenye utelezi, nikazivuta, zikaja na kipande ambacho hakikuwa kimeoza chote. Ganda la ndizi.

Nilikwenda nje nikatema mate, mimi ninayewakataza watu kutema mate.

Mdogo wangu akauliza ni nini. Nikamwambia ni ujanja wa wauza mikweche. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba gurudumu, ikifa na gia zikaanza kulia, unashindilia unga wa mbao na maganda, vinajaza nafasi, kelele zinazimika. Aliyenunua anaondoka anatabasamu. Ndani beringi inasagika bila oili, mpaka siku inapokwama, na ikikwama gurudumu la nyuma linasimama ghafla hapo hapo lilipo.

"Hata kwenye mteremko," akasema.

"Hasa kwenye mteremko."

Akavua kofia, akaiweka chini polepole. Juzi tu alikuwa ameshuka kona zile na mwanamke nyuma yake, mwenye mimba ya mapacha.

Nilimpelekea Baba lile karai. Yeye ndiye aliyenifundisha ujanja ule, yaani alinifundisha kuuchukia. Nikiwa msichana nilimwona akimfukuza mtu karakana kwa sababu hiyo, akimwita muuaji mbele ya wateja. Akalitazama karai muda mrefu.

"Watu wabaya," akasema kwa sauti kubwa, akarudi kwenye redio yake.

Nikampigia Mjuaji simu aje. Alikuja amejipulizia manukato, njiti ya kiberiti mdomoni. Nikamnyooshea ganda la ndizi.

"Hiki ni chako?"

Akarudi nyuma akiziba pua. "Hicho ni nini?"

"Ni kaburi la mke wako. Ulimchimbia Jumapili, ukalifunga kwa uzi, ukamwambia umeirekebisha."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia mtu hushindilia maganda kwenye shimo la taka, si kwenye kitu kinachombeba mama wa watoto wake. Nilimwambia ujuaji wake siku zote nilikuwa nauona kama upele, unawasha tu, kumbe ni donda. Njiti ikamdondoka. Akamtazama mke wake, akaona kwamba hakuna wa kumtetea.

"Mimi sikuifungua," akasema.

"Ulisema umeirekebisha," mdogo wangu akamwambia.

"Nilisema imerekebishwa. Wewe ukafurahi, ukanisifu, nami nikaacha. Shemeji, mimi nizungushe uzi kwenye kizibo? Mimi hata kifungo cha shati nashonewa."

Hapo nikatazama ukucha wangu. Uzi ulikuwa bado umenata, wa cherehani, umepakwa sabuni. Karakana nyingine zote hupaka gundi. Uzi wenye sabuni tunatumia sisi tu, na sisi tuko wawili, na mimi nilikuwa nimesafiri.

"Niliileta hapa," Mjuaji akaendelea, sasa kwa upole. "Mzee akaisikiliza kwa bisibisi, akasema haina kitu. Nikamwambia baba, inalia, hata mimi naisikia. Akakasirika. Akaniambia nimwachie mpaka jioni. Jioni ikawa kimya, akasema Nenda. Mimi ningembishia Mzee Sikio?"

Tulikuwa tumesimama hatua chache nyuma ya kiti chake. Tulikuwa tunamtaja kwa jina lake, tena kwa hasira, na shingo yake haikugeuka hata kidogo. Redio ilikuwa katikati ya matangazo, inanguruma.

Kama ningefungua mdomo wakati ule ningetapika maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nikaenda kufanya kazi. Niliitenganisha difu yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa mara tatu, nikachokoa nyuzi za ganda katikati ya meno ya gia moja baada ya jingine, na kila uzi niliouvuta ulinirudisha kwenye kile kiti. Gia zilikuwa zimepona kwa bahati tu. Beringi ilikuwa imekwisha, gololi zake zina vidonda kama ndui. Mjuaji nikamtuma dukani akalete mpya, akaenda mbio bila kunieleza beringi ni nini. Nikaipachika, nikabadilisha mpira wa kuzuia oili, nikajaza oili safi, nikapaka girisi kwenye meno ya gurudumu, nikafunga kizibo. Uzi sikuutia. Niliazima gundi kwa jirani.

Nikazungusha tairi kwa mkono. Lilikwenda kimya, likaendelea kwenda.

Baba alipoona imefungwa akainuka mwenyewe na bisibisi yake, kama desturi. Akachuchumaa kwa taabu, akaweka ncha kwenye difu, mpini nyuma ya sikio, akafumba macho.

"Zungusha," akasema.

Nikazungusha. Kisha nikaweka kiganja juu ya tairi, nikalisimamisha taratibu, nikakiacha pale pale.

Mdogo wangu aliniona. Mjuaji aliniona. Baba alikuwa amefumba macho, kidole chake kimoja kinapiga mdundo kwenye goti, kwa utulivu wa mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Usiache, endelea hivyo hivyo," akasema. "Naam. Naisikia. Inakwenda safi."

Tukangoja.

"Nenda, mwanangu," akamwambia mdogo wangu.

Neno lile lile. Ndilo alilomwambia Mjuaji ganda la ndizi likiwa ndani ya difu, na mdogo wangu akashuka mteremko kwa imani hiyo, na wanawake wa watu wakashuka naye. Mkunga ndiye aliyesogea. Amezoea kuwashika watu walio uchi. Akamtoa bisibisi mkononi polepole, na Baba akafumbua macho, akaona kiganja changu juu ya tairi lililosimama.

"Tangu lini, Baba?" nikauliza.

Aligeuka akanitazama, lakini si machoni. Alinitazama mdomo, anangoja usogee tena. Nikajua ndivyo amekuwa akifanya, siku nzima, kila siku, na mimi nilidhani ni dharau ya uzee.

Nilitaka kumwonea huruma. Kusema kweli niliitafuta ile huruma, maana najua mtu akiitwa Sikio maisha yake yote, siku sikio likifa anabaki nani? Lakini harufu ya yale maganda ilikuwa bado chini ya kucha zangu. Angeweza kusema sisikii. Neno moja tu. Badala yake alikwenda kuokota maganda, akachambua unga wa mbao kwa mikono ile iliyonifundisha kushika spana, akaufunga ndani kwa uzi na sabuni, vizuri, kwa kazi safi ya fundi, akampelekea binti yake. Hicho ndicho kinachonitia kichefuchefu hata leo, ule usafi wa kazi.

Mdogo wangu alivaa kofia yake. Akaishusha pikipiki kutoka kwenye stendi, akaiwasha, akaisikiliza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, hakumtazama Baba.

"Dada, niende?"

Mimi sijawahi kusema neno lile. Lilikuwa la mtu mwingine. Nikachuchumaa, nikaweka sikio langu karibu na chuma bila bisibisi, naye akaingiza gia na kusogeza pikipiki mbele kidogo, kisha nyuma, kisha mbele tena. Hakikugonga kitu.

"Nenda," nikamwambia.

Baba alikuwa amesimama kati yetu, anatutazama midomo, mara huyu, mara huyu.