Nusu ya Mzunguko wa Tatu

Barua ya halmashauri ilipofika Kilsallan nilikuwa napiga deki ukumbi wa parokia, kwa hiyo niliisikia kabla ya watu wengi. Mzee Colman Tiernan, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaitupa mezani kama mtu anayetupa panya aliyemshika mkia. Ilisema kwamba mradi wetu wa maji, ambao baba za wanakijiji waliuchimba kwa majembe na kuutunza miaka yote hiyo, utaingizwa kwenye maji ya serikali. Kuanzia mwezi wa tatu maji hayo yatatiwa floraidi, kama yanavyotiwa mijini, kwa ajili ya afya ya meno.

Nimeandika "mradi wetu." Nijisahihishe mapema, maana haukuwa wetu sisi.

Sisi ni akina Mongan wa kwenye machimbo ya zamani, nyumba mbili za magurudumu kando ya barabara. Wanatuita Wasafiri, ingawa ni miaka tisa hatujasafiri kwenda popote. Bomba la mradi linapita chini ya ardhi hatua ishirini kutoka mlangoni petu. Majira ya ukame unaweza kuliona lilipo, maana nyasi za juu yake zinabaki kijani. Kila mwaka mama yangu, Winnie, alikwenda kwenye kamati kuomba kuunganishwa. Mwaka mmoja walimwambia nguvu ya maji ni ndogo. Mwaka mwingine walimwambia, ninyi ni watu wa kuhama, tukiwachimbia halafu mkaondoka? Mara nyingi walimwambia asubiri, wataliangalia baadaye.

Basi tuliteka maji Kisima cha Mtakatifu Lasra, bondeni, na kuyapandisha kwa madumu. Kabla ya Krismasi bega la mama lilikatika mshipa. Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Mimi nikienda kazini, alinyanyua. Nilichotaka mwaka ule kilikuwa kimoja tu, bomba mlangoni kwa mama kabla bega la pili halijaenda.

Mikutano ikaanza. Aliyeiongoza ni Mwalimu Attracta Gavigan, aliyestaafu shule ya kijiji. Alinifundisha mpaka nilipoacha shule nikiwa na miaka kumi na moja, kama huko ni kufundisha. Wenzangu walisoma, mimi alinikalisha nyuma na penseli za rangi nipake bata. Kusoma nilijifunza mwenyewe baadaye, katika vitabu vya nyimbo za kanisa, nikivifuta vumbi.

Lakini alijua kusema. Usiku mmoja wa mvua alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akainua kikombe chake cha chai, akasema, "Hakuna mtu mwenye haki ya kunitilia kitu kikombeni bila kuniuliza. Hata kama ni sukari." Watu wakapiga miguu sakafuni. Mimi nilikuwa nyuma na birika, na uso uliniwaka moto kama wao.

Waliwahi kumwalika daktari wa meno kutoka mjini. Alikuwa mtu wa adabu. Alieleza kwamba kipimo ni kidogo sana na kwamba kinawakinga watoto, hasa wa nyumba ambazo hazina uwezo wa kwenda kwake. Mzee Colman akamuuliza kama huwa anawakorogea dawa wagonjwa wake kwenye supu. Ukumbi ukacheka mpaka daktari naye akacheka. Mimi sikujua nani yuko sahihi juu ya meno, na mpaka leo sijui. Ila hasira ile ya kuamuliwa na watu waliokaa ofisini, wasiokujua hata jina, niliijua. Niliijua kuliko yeyote mle ndani, na nilikuwa nawamiminia chai.

Wakachora mabango. Neno lilikuwa moja, kwa herufi nyekundu: HATUKUULIZWA.

Wiki ya pili Mwalimu Attracta alikuja machimboni na karatasi za saini. Katika miaka tisa ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale. Alisimama kwenye matope na viatu vyake vizuri, akatusifia mapazia. Akasema halmashauri lazima ione saini ya kila kaya ya Kilsallan, bila kukosa hata moja, ili wasiseme kijiji kimegawanyika.

Mama alimkaribisha mkate wa magadi na siagi. Akamwacha amalize kueleza, kisha akamuuliza kwa upole, "Mwalimu, ni maji yapi unayotaka niyakatae?"

"Ya bomba, Winnie."

"Bomba lipi?"

Mwalimu akatazama nje, kwenye madumu yaliyopangwa chini ya dirisha. Akasema hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa, lakini kwanza tushinde hili, halafu baadaye kamati italiangalia.

"Baadaye," mama akasema, na akampakia kipande cha pili cha mkate. Hakutia saini. Mwalimu alipoondoka nilitoka nje nikaipiga teke ndoo mpaka ikabonyea, kisha ikabidi nikae niinyooshe, maana ndiyo tuliyokuwa nayo.

Maandamano yalipangwa Jumapili baada ya misa, kwenda kwenye nyumba ya pampu, ambako halmashauri ilikusudia kufunga mtambo wake. Sasa nyumba ile imejengwa ubavuni mwa Kisima cha Lasra, na njia inayokizunguka kisima inaizunguka na pampu. Ni njia moja. Kila Julai, sikukuu ya Lasra ikifika, tunaizunguka mara tatu tukisali, wenye nyumba na Wasafiri pamoja, siku pekee ya mwaka tunayotembea pamoja. Unaokota vijiwe vitatu, na kila ukimaliza mzunguko unaacha kimoja juu ya ukuta mfupi ulio kando ya njia. Unafuata jua, kisima kikiwa mkono wako wa kulia tangu mwanzo hadi mwisho.

Kinyume cha jua hakuna anayekwenda, maana kwenda kinyume ni kumshtakia Lasra mtu aliyekudhulumu. Ukimaliza mzunguko wa tatu, laana inaondoka. Na kama wewe ndiye dhalimu, inakurudia mlangoni. Kila mtu Kilsallan atakuambia haamini mambo hayo. Kila mtu atakuambia pia nani alizunguka mara ya mwisho, na ng'ombe wa nani walikufa.

Asubuhi ile niliamka nikamkuta mama yuko njiani na dumu. Alilishika kwa mkono mzima, na mshikio ameufunga skafu ambayo ncha yake aliiuma kwa meno. Aliponiona akaliachia, akaniambia nisimtazame hivyo, meno yake bado ni mazuri, hayahitaji floraidi.

Sikucheka.

Kisimani walifika watu karibu mia, na mpiga picha kijana wa gazeti kutoka Dublin. Mwalimu Attracta alikuwa na kipaza sauti. Akatangaza kwamba tutaizunguka nyumba ya pampu mara tatu, mabango juu, ili halmashauri ione kuwa imezingirwa. Watu wakaanza kujipanga kushoto, kama kawaida. Mpiga picha akapunga mkono. Akasema hapana, upande huo jua linamwingia kwenye kamera, tafadhali tuanzie kulia. Na Mwalimu, mawazo yake yakiwa kwenye gazeti la kesho, akasema sawa, jamani, kulia.

Hakuna aliyeinua mguu.

Bibi Concepta, mkongwe wa kijiji, akaketi ukutani akasema nyonga imemshika ghafla. Mzee Colman akakagua viatu vyake. Mwalimu akacheka peke yake kwenye kipaza sauti, akasema ni kuzunguka jengo tu, hatuko zama za kale. Sauti moja nyuma ikamwambia basi atangulie. Nami nilimwona Mwalimu, kwa sababu nilikuwa karibu, birika langu mkononi. Aliinua mguu wa kulia. Akaurudisha pale pale.

Hapo ndipo kitu kilinikatika ndani. Watu mia wamekuja na bango la kudai haki juu ya maji, na hakuna hata mmoja mwenye ujasiri wa kumwambia Lasra, mimi katika jambo la maji sijamdhulumu mtu. Walijua. Miaka yote tisa walikuwa wanajua.

Niliweka birika chini. Nikaokota vijiwe vitatu, nikaanza kutembea kulia.

Mimi ni mtu ambaye dukani huonyesha kwa kidole ili nisiseme. Nilizunguka mzunguko wa kwanza. Nilipotokea mbele yao nikaweka kijiwe ukutani, kando ya Bibi Concepta, naye akasogea kama nimeweka kaa la moto.

Mzee Colman akajaribu mzaha. "Nan, binti yangu, hiyo ni ya halmashauri, siyo?"

"Sijataja jina, Mzee," nikasema. Sauti ilitoka ndogo lakini palikuwa kimya. "Lasra anamjua mwenyewe aliyemnyima mtu maji."

Nikaenda wa pili. Niliporudi, wengine walikuwa wameshusha mabango. Mwanamke mmoja alikuwa akimsukuma mumewe, mjumbe wa kamati, akimwambia afanye kitu, na yeye anamwambia Colman afanye kitu. Mpiga picha aliuliza kama aendelee kupiga. Nikaweka kijiwe cha pili.

Wa tatu nilifika nusu, nyuma ya pampu, penye majani ya kuwasha. Mzee Colman alikuwa amekata njia kupitia matopeni, kofia mkononi, amesimama mbele yangu. Hakunigusa.

"Simama hapo, Nan. Usimalize."

"Mama amesubiri miaka tisa."

"Kesho."

"Kesho ndiyo mliyotupa miaka tisa, Mzee. Tumeshiba."

Uso wake ulikuwa na rangi ya unga. Akageuka, akapaza sauti ili wa upande wa pili wasikie, "Kesho saa mbili asubuhi, kwa katapila langu mwenyewe. Akina Mongan wanaunganishwa. Kamati ikikataa, mimi si mwenyekiti."

Hakuna aliyepinga. Kijiwe cha tatu kilikuwa kimenikata kiganja kwa jinsi nilivyokibana. Nikafikiri. Nikirudi nilikotoka nitakuwa nimefuata jua, na nitakuwa nimefuta kila kitu. Nikisonga mbele nitakuwa nimemaliza. Basi nikatia kijiwe mfukoni mwa aproni, nikapanda ukuta pale pale, nikashukia upande wa pili katikati ya majani ya kuwasha. Nilijikuna siku tatu.

Saa mbili kamili katapila lilikuwa machimboni. Walichimba hatua zile ishirini kabla ya chakula cha mchana. Miaka tisa, na kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mama alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena, kisha akaingia ndani akalia mahali ambapo Colman hawezi kumwona.

Jioni Mwalimu Attracta alikuja na karatasi. Safari hii mama alitia saini, alama ya msalaba, kwa sababu sasa alikuwa na maji yake ya kukataa yasitiwe kitu. Nami nikaandika jina langu polepole, herufi kwa herufi, na kando yake HATUKUULIZWA. Mwalimu alizitazama herufi ambazo si yeye aliyenifundisha. Akakunja karatasi.

Mlangoni akasita. Akashusha sauti, akasema Ijumaa mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua pampu. Akauliza, yaani anauliza tu, kama ile nusu iliyobaki inaweza labda kumaliziwa siku hiyo.

Nilimwonyesha kijiwe. Nikamwambia kitakaa mfukoni mwangu. Yeyote atakayegusa maji ya mama yangu bila kumuuliza, awe wa halmashauri au wa kamati, ajue kwamba mizunguko miwili na nusu imeshakwenda, na kwamba kutoka machimboni mpaka kwenye yale majani ya kuwasha ni mteremko mtupu.