Ukuta Ulionawiri

Kila asubuhi mpishi wa hospitali alichemsha mchicha kwenye sufuria kubwa mpaka majani yalegee, akaukamua, kisha akamwaga maji yake ya kijani nyuma ya jiko, ukutani. Ndivyo alivyoagizwa na msimamizi wa wauguzi, mama mwenye sauti ya filimbi, aliyesema maji ya mboga yanachafua sahani. Wodini palibandikwa tangazo: MCHICHA HUONGEZA DAMU. Wagonjwa walilisoma huku wakitafuna makapi.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala binti wa mpishi, aliyejifungua na kuvuja damu nyingi. Alimaliza sahani yake kila siku, na kila siku akazidi kupauka. Mpishi alijua kwamba uzuri mwingi wa mboga huishia kwenye maji. Roho ilimuuma, ila alihofia kibarua kuota nyasi.

Ukuta nao ulinawiri. Ulipata wekundu, ukawa na joto, ukanenepa kidogo kwenye kona. Fundi alipopigilia msumari wa kamba ya nguo, ukatoka damu. Akauambia ukuta pole, akauchomoa msumari, akaenda kupigilia kwenye nguzo.

Mtaalamu wa maabara akakinga kidogo, akapima. "Damu safi hii," akasema. "Inamfaa yeyote."

"Basi mwekeeni mwanangu," mpishi akaomba.

"Hiyo ni ya wodi ya waheshimiwa, mama," daktari akajibu bila kuinua macho. "Si unajua mwenyewe?"

Kesho yake mpishi alijaza kikombe maji ya mchicha, akakificha chini ya aproni, akampelekea binti yake.

"Kunywa, mwanangu. Usiache hata tone."

Binti akanywa. Midomo ikapata rangi, akaomba apewe mtoto wake ampakate. Mpishi alirudi jikoni akiimba.

Alasiri ukuta ukaonekana umefifia. Msimamizi akaupima mapigo, kisha akaingia jikoni moja kwa moja.

"Mama, nani amegusa chakula cha ukuta?"

"Mgonjwa, sista. Kikombe kimoja tu."

"Mgonjwa ana sahani yake. Tusiingiliane."

Kuanzia hapo mlinzi alisimama kando ya sufuria mpaka tone la mwisho limwagwe. Binti aliendelea kula majani yake kwa utiifu. Alifariki Jumatano baada ya chakula cha mchana, sahani ikiwa tupu na mtoto akiwa ubavuni.

Mazishi yalipokwisha, mpishi alirudi kazini na mjukuu mgongoni, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Mlinzi alimpa pole kwa moyo wote, maana alikuwa mtu mwema, kisha akamsaidia kubeba sufuria. Ilikuwa nzito kuliko zamani: msimamizi alikuwa ameagiza mchicha uongezwe, ukuta usije ukapungukiwa tena. Wakamwaga pamoja. Mtoto alikuwa analia kwa njaa, na mpishi akambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni. Ukuta ukanyonya taratibu, bila haraka, mpaka ukashiba.