Vihenge Viwili, Mlango Mmoja

Niwategee kimoja, na anayekijua asimnong'oneze mwenzake: nyumba ina mlango mmoja na vihenge viwili, wageni huingia, hula wakashiba, wala hawajui wamechotewa kihenge kipi. Ni nini?

Haya, nawapa jibu, maana bila hilo hatuendi mbele. Ni ule mfumo wa mtandaoni alioutengeneza Epifania, pale Sumbawanga mjini, kwenye chama cha wakulima. Ukileta mahindi, jina lako na magunia yako vinaingizwa kwenye kompyuta, halafu vinakwenda kukaa huko nyuma, kwenye kitu wenyewe wanakiita kanzidata. Ya zamani ilikuwa imechoka, mpya ipo tayari, na Epifania akaambiwa awahamishe watu huku kazi inaendelea, mlango usifungwe hata kidogo.

Sasa huyo Epifania alikuwa amemzika mama yake, Adela, kule Milepa, mavuno yakikaribia. Hakulia. Alikula alipopewa, alilala alipotandikiwa. Ukimsalimia anaitika, lakini ni kama umebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Na kihenge cha marehemu kilikuwa bado na ulezi wa mwaka jana. Kwa desturi ya nyumba ile hakiguswi mpaka binti achote kwanza. Basi ulezi mpya ulikosa pa kuwekwa, ulikuwa nje kwenye turubai, kuku wanajilia. Kila jioni mama yake mdogo, Rosina, alipiga simu.

"Mwanangu, utakuja kuchota lini?"

"Nitakwambia, mama mdogo."

Hakumwambia.

Asubuhi ya kuhamisha, Epifania akawahamishia wote kwenye ile mpya kwa mkupuo mmoja. Mzee Alois alikuwa dirishani, yuko katikati ya kuhudumiwa. Jina lake lilikwisha kuingia kwenye ile ya zamani. Magunia yake yakaangukia kwenye mpya.

"Binti," mzee akasema, akichungulia kioo, "mahindi yangu yamo, mimi simo. Nimekufa lini, mbona sikusikia vilio?"

Foleni ikaangua kicheko. Christopha wa meza ya pili akamkonyeza mzee anyamaze. Epifania hakucheka, hakuchukia. Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akakaa, mikono mapajani.

"Dada, tuwaambie waende nyumbani?" Christopha akauliza.

"Ngoja."

Simu ikalia. Rosina, leo hakusubiri jioni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Kuku wa jirani wamenenepa kwa ulezi wetu, imebaki niwapelekee maji ya kunawa! Wewe unaogopa nini? Umesahau mama yako alivyokuwa akikugombeza? Unaanza kuchota kihenge cha zamani, ukiona kipya kimefunguliwa unakimbilia huko na kapu nusu. Anakurudisha: ulikoanzia ndiko kapu lijae, anayekuja nyuma yako ndiye aende kwenye kipya. Haya, utakuja lini?"

Epifania alikuwa anamtazama Mzee Alois, aliyekaa juu ya gunia lake anasubiri.

"Nitakupigia," akasema.

Akaandika upya maagizo ya mfumo. Hakuwahamisha tena wote pamoja. Kila mkulima akifika mlangoni anapewa kihenge chake, na anakaa nacho mpaka atoke. Walioanza na cha zamani wakamalizia humo. Waliofuata wakaingia kipya. Mzee Alois akaitwa dirishani.

"Nimefufuka?"

"Umefufuka, mzee."

"Basi nisalimieni waliobaki huko!" Akaondoka anacheka peke yake.

Mmoja mmoja wakapungua kwenye ile ya zamani. Mchana Epifania akaitazama: hakuna mtu ndani. Hakuna aliyetolewa kapu likiwa nusu. Walimaliza, wakatoka wenyewe.

Upepo wa Ufipa ulikuwa unaingia dirishani tangu asubuhi. Ndiyo kwanza anasikia baridi. Akafunga vifungo vya sweta, akachukua simu.

"Mama mdogo."

"Nipo, mwanangu."

"Jumamosi. Niwekee kapu la mama, lile kubwa."