Mtazamo wa Sita

Edna alikuwa akimwelekeza mama yake, Agnella, kwa simu, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Mama, nimekuhifadhia mitazamo mitano kwenye hiyo programu ya kompyuta. Bonyeza F1, utaona kimeng'enya chote, kile kinachompa mbu ukinzani. F2, kamera inasogea karibu. F3, unaingia kwenye lile shimo linalonasa dawa ya chandarua. Usishike mausi."

"Nikiishika?"

"Utazungusha mpaka upotee. Ukipotea, bonyeza kitufe chochote kati ya hivyo, unarudi. Na usiogope kuharibu. Molekuli haisogei, kinachosogea ni kamera."

"Nimesikia. Nina diploma ya maabara mimi, siyo ya ushonaji."

Edna alicheka, kisha akauliza, "Na lile la Jumapili?" Agnella alilijua swali hilo. Jumapili binti yake alimwuliza: huku Uholanzi wamenipa miaka mitatu mingine ya utafiti, nikubali au nirudi? Tangu siku hiyo Agnella alikuwa akijibu mambo mengine.

"Betri inaisha," alisema, na haikuwa ikiisha.

Alhamisi asubuhi walifika kazini kwake, maabara ya Ifakara, wahudumu wa afya wa kujitolea kumi na wawili kutoka kijiji cha Idete, watu wanaogawa vyandarua na kuulizwa kila siku mbona mbu hawafi. Agnella aliwakalisha, akafunga mapazia ya chumba cha mikutano, akawasha picha ukutani, akaanza bila dibaji.

"Hiki kimo ndani ya mbu. Kifananishe na mkasi." F2. F3. "Dawa yetu hii hapa, ya njano, imenaswa." F4. "Imekatwa." F5. "Vipande hivyo vinatupwa. Mbu mzima, wewe unaumwa."

"Kumbe mbu naye ana jiko!" alisema Mariana, mama mnene aliyekaa mbele. "Tena anatukatia sumu yetu kama mchicha."

Watu wakaangua kicheko. Agnella, kidole kikiwa kimeshazoea kwenda mbele, akabonyeza F6, kitufe ambacho Edna hakukitaja.

Kamera ikarudi nyuma, ikashuka, ikalala ubavu. Dawa ikatoweka. Kikabaki kimeng'enya chenyewe, kimepakwa kijani kizito: nundu mbili, pengo katikati, na mteremko mrefu upande wa kulia.

"Hee! Si milima ya Mang'ula hiyo?" Mariana alisimama kabisa. "Nimeuza ndizi na mayai pale stesheni miaka kumi na mmoja. Treni ikichelewa huna kingine cha kutazama. Ukikaa benchi la mwisho unaiona hivyohivyo, na pengo lake."

"Acha utani, mama," mwenzake akamwambia.

Agnella hakucheka. Benchi la mwisho alilijua. Miaka miwili iliyopita alimkalisha Edna pale na sanduku lake, wakatangaziwa kuwa treni itachelewa kwa saa tano. Akamwambia, "Usinililie hapa. Tiketi unayo, akili unayo. Mimi nina zamu." Akapanda basi kurudi Ifakara. Alidhani anamkomaza. Saa tano zile mtoto alizikaa peke yake, na Agnella hakuwahi kumwuliza alizikaaje.

Wageni walipoondoka, alifunga mlango akarudi kwenye kompyuta. F6. Alijiuliza Edna aligeuza kitu hiki mara ngapi, huko kwenye baridi, mpaka akaipata pembe ile. Akashika mausi aliyokatazwa. Alitaka kumtafutia binti yake pembe inayofanana na mlango wa jikoni kwao, mtaa wa Viwanja Sitini, na mteremko wa bati juu yake. Alizungusha wee, akapata umbo la muhogo. Akazungusha tena, akapotea. Akabonyeza F6, milima ikarudi.

Basi akaiacha ilivyo, akaihifadhi upya kuwa mtazamo wa saba. Programu ile ina nafasi ya kuandika maneno yanayotokea juu ya picha. Akaandika:

"Kubali hiyo miaka mitatu. Nyumba imekuwa kubwa na sauti yako inanisumbua kila chumba, lakini kubali. Krismasi uje. Siku ya kurudi huko nitakaa na wewe benchi la mwisho mpaka treni iondoke, hata ichelewe siku mbili. Zamu watashika wengine."

Akasoma. Akafuta "inanisumbua", akaandika "naitafuta". Kisha akamtumia Edna faili haraka, kabla hajapata la kufuta jingine.