Ujumbe wa Pande Mbili

Mjomba alinipa hadi Jumapili. Kama siku hiyo itafika kabla sijajua blogu yangu itahusu nini na nani atanilipa kwa ajili yake, basi Jumatatu nitavaa aproni ya bluu na kusimama nyuma ya kaunta ya duka lake la vipuri vya magari. Alilisema hilo kwa upole, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mjomba ndiye aliyenisomesha tangu baba yangu alipofariki. Mtu aliyekusomesha akikufokea, angalau unapata sababu ya kununa. Akikusemesha kwa upole, huna pa kutokea.

"Mimi sikukatazi kuandika, mwanangu," aliniambia. "Andika. Lakini binadamu anakula."

Nilikuwa naishi kwa dada yangu mkubwa, msusi, ambaye saluni yake ilikuwa chumba cha mbele na sisi tukilala cha nyuma. Meza yangu ya kazi ilikuwa ubao wa kupigia pasi, uliosimama kati ya draya na sinki la kuoshea nywele, kwa sababu hapo tu ndipo palikuwa na soketi isiyo na mwenyewe. Kompyuta yangu ilinuka dawa ya nywele, na mimi pia.

Nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu blogu. Waliofanikiwa wote walisema jambo moja: chagua mada moja, ndogo, uishike. Iwe na watu wanaoihitaji na mtu wa kuilipia, na wewe mwenyewe usiichoke baada ya mwezi. Mimi niliongeza sharti ambalo sikulisoma popote, kwamba lazima iwasaidie watu. Dada aliliita sharti la njaa.

Nilianza na mapishi. Niliacha siku nilipopiga picha sufuria kwanza na kuzima jiko baadaye. Nikahamia kwenye mazoezi ya viungo, nikateguka mguu wakati najipiga picha ya utangulizi. Nikafikiria malezi ya watoto.

"Watoto wa nani?" dada akauliza, na wateja wote wakaacha simu zao ili wasikie jibu.

Nikafikiria safari na utalii.

"Umefika wapi?"

Nilikuwa nimefika chuoni, na kurudi.

Nilipotaja mapenzi, dada hakuuliza kitu. Alicheka tu, akacheka, mpaka mteja aliyekuwa kitini akamwomba aweke pasi ya nywele chini kwanza.

Upande wa pili wa ukuta alikuwepo fundi cherehani tuliyemwita Mama Vifungo. Alivipenda vifungo kuliko watu wengi. Alivitunza kwenye chupa za jemu kwa rangi, na akikusalimia alikuwa anatazama shati lako, si uso. Yeye na dada walikuwa chanda na pete. Walikula pamoja, walisengenya pamoja, na kicheko kilipoanzia saluni kilimalizikia kwa fundi.

Kisha ikaja harusi ya rafiki yao. Mama Vifungo akamshonea dada gauni, na dada akampaka Mama Vifungo rangi ya nywele. Gauni likagoma kiunoni. Nywele zikatoka rangi ya tofali. Kila mmoja akaapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza, hakuna aliyekwenda harusini, na tangu siku hiyo wakawa hawasemezani ila kwa ujumbe wa simu, ingawa mmoja akipiga chafya mwingine alisikia.

"Mdogo wangu," dada akaniambia asubuhi moja, "wewe si msomi? Niandikie kitu nimtumie huyo. Kiwe na adabu, lakini kimchome."

Nilikuwa nakula na kulala kwake bure. Nikaandika: *Jirani mpendwa, gauni nimelipokea. Nimelitazama kwa makini na kuona kwamba ni zuri sana, kwa mtu mwingine.*

Dada aliibusu simu kabla ya kutuma.

Jioni nikiwa bombani uani, Mama Vifungo akanishika mkono.

"Mwanangu, leo nimetukanwa kwa adabu. Sijawahi kutukanwa hivi maisha yangu yote. Nimesoma mara ngapi sijui, sioni hata pa kushika nijibu." Akatazama shati langu, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanitazama usoni. "Wewe mtoto mwema. Nisaidie. Ila dada yako asijue."

Kijifundo cha nywele za tofali kilikuwa kimechungulia nje ya kilemba chake. Mimi si mtu wa kuona nywele kama zile na kuondoka. Nikaandika: *Jirani mpendwa, gauni nililishona kwa vipimo ulivyonipa mwenyewe. Nywele zangu sikukupa vipimo. Nilikupa imani.*

Dada aliposoma alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Huyu mwanamke maneno haya kayatoa wapi?"

"Labda yalikuwa moyoni," nikasema.

"Moyoni mwake mna sindano tupu! Jibu! Jibu upesi, kabla hajajiona ameshinda."

Hivyo ndivyo nilivyoimaliza wiki yangu ya mwisho ya uhuru. Asubuhi nilimwandikia dada kwenye ubao wa pasi, jioni nilimwandikia Mama Vifungo kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kazi ilizidi kuwa ngumu, kwa sababu kila hoja nzuri niliyoifikiria nilikuwa najua jibu lake, na jibu lilikuwa langu pia. Kuna siku nilijikasirikia vibaya sana kwa jambo nililojiambia. Na muda wote huo nilijilaumu kwamba nachezea siku, sitafuti mada ya blogu.

Lakini niliona kitu. Dada alikuwa anaanza kucheka jambo fulani, anageukia ukutani, halafu kicheko kinamfia. Na ng'ambo cherehani ilikuwa inasimama ghafla, kama mtu anayesikiliza. Ijumaa nikakata shauri. Nikamshawishi dada aombe radhi.

"Mimi? Niombe radhi mimi, ambaye gauni lilinikaba mpaka nikaona nyota?"

"Ukianza wewe, mwenzako atalegea."

"Atalegea?"

"Atalegea, dada."

Uani nikamshawishi Mama Vifungo kwa maneno hayohayo. Naye akakataa kwanza, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kweli mwenzake atalegea.

Nikakaa kuandika radhi mbili. Katikati ya ile ya dada ikanijia sentensi moja: *Ukuta wetu ni mwembamba kiasi kwamba nasikia ukikohoa; nimewezaje basi kutosikia ukiumia?* Nikaisoma, machozi yakanilengalenga. Nilipoanza ile ya Mama Vifungo nikatafuta nyingine ya kulingana nayo, sikupata. Basi nikairudia ileile, neno kwa neno. Nikajiambia mmoja atatuma leo na mwingine atatuma kesho kutwa, na kufikia hapo hakuna atakayekumbuka maneno.

Jumapili mchana mjomba alifika. Saluni ilikuwa imefungwa kwa wateja, kwa hiyo alikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, chini ya draya, kofia kubwa ya plastiki ya mashine hiyo ikiwa juu ya kichwa chake kama taji. Aproni ya bluu alikuwa ameikunja vizuri na kuipakata.

"Haya, mwanangu. Umepata?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kinywa, simu ya dada ikalia. Papo hapo, ng'ambo ya ukuta, ikalia nyingine. Walikuwa wamesubiri siku mbili, kisha wakatuma kwa wakati mmoja.

Dada alikuwa na tabia ya kusoma ujumbe kwa sauti. Mama Vifungo naye alikuwa na tabia hiyo.

"*Ukuta wetu ni mwembamba...*" akasoma dada.

"*Ukuta wetu ni mwembamba...*" ukuta ukaitika.

"*...nasikia ukikohoa...*"

"*...ukikohoa...*"

Dada akaishusha simu, na ng'ambo kiti kikaburuzwa. Kisha pazia la mlangoni likafunguka na Mama Vifungo akaingia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Wakatazamana. Halafu, polepole, wakanigeukia mimi. Nilikuwa sinkini naosha vitana visafi.

"Shoga," akasema Mama Vifungo, bila kuniondolea macho, "lile la 'zuri kwa mtu mwingine' aliliandika nani?"

"Huyu. Na lile la imani?"

"Huyuhuyu!"

"Kumbe wiki nzima sisi tumekaa pembeni," dada akasema, "na mtoto anagombana peke yake!"

Akanyakua taulo lenye maji, nami nikazunguka kiti cha mjomba. Nilichapwa mgongoni mara kadhaa, na Mama Vifungo alinizibia njia kwa utepe wake. Kisha dada akaanza kucheka, Mama Vifungo akakidaka kicheko katikati, wakashikana mabega ili wasianguke.

"Lakini gauni lilikuwa dogo," dada akasema akifuta macho.

"Lilikuwa dogo. Nilipima nikiwa naongea. Na hizi nywele?"

Dada akamvua kilemba, akazitazama vizuri chini ya taa. "Tofali, shoga. Tofali tupu. Kaa hapa nikuoshe."

Akaninyooshea kitana. "Na wewe! Kuanzia leo ni marufuku kuandikia pande mbili."

Mjomba hakuwa amecheka. Alikuwa ameinama mbele, kama anayesikiliza injini.

"Hii ni kazi gani?" akauliza.

"Si kazi, mjomba," nikasema. "Ni kusaidia tu."

"Kusaidia?" dada akasema akifungulia maji. "Wateja wangu wananisumbua kila siku. Juzi mmoja kauliza mdogo wangu anatoza kiasi gani kumwambia wifi yake aondoke. Mwingine anataka kumkatalia mchumba bila kumpoteza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona umeinamia kompyuta unatafuta mada ya blogu. Nikasema nisikusumbue."

Nilibaki na kitana mkononi. Nikaiona yote kwa pamoja. Blogu ya maneno magumu kusema: kuomba radhi, kukataa, kumwambia mgeni kwamba amekaa mno. Mifano ningeiweka wazi isomwe bure na yeyote mwenye shida. Mwenye jambo lake mahususi ningemwandikia la kwake, naye angelipa. Niliwaeleza haya kwa kasi hata nikamwagia mjomba maji ya vitana.

"Na haitakwisha, hii?" akauliza, akipangusa goti. "Baada ya mwezi si mtakuwa mmemaliza?"

"Siku watu wakiacha kununiana, mzee," Mama Vifungo akasema kutoka sinkini, povu likiwa masikioni, "siku hiyo mimi nitashona gauni bila kupima."

"Si ndivyo ulivyonishonea?" dada akasema.

Mjomba akaitazama aproni mapajani. "Kwa hiyo kesho huji."

Hapo nikakwama. Mimi niliyekuwa nimewapatia wenzangu maneno wiki nzima, sikuwa na hata moja. Nikasema, "Mjomba," nikaishia hapo.

"Huwezi kusema?"

"Siwezi, mjomba."

Akafikiri. "Basi niandikie."

Nikaenda kwenye ubao wa pasi. Dada akafunga maji ili nipate utulivu. Nikaandika:

*Mjomba wangu, aproni hii ningeivaa kwa heshima, kwa sababu ada yangu yote ilitoka kwenye mfuko wa aproni kama hii. Ulinisomesha ili siku moja nijue ninachokitaka. Siku hiyo ni leo. Naogopa kukukatalia kuliko ninavyoogopa kushindwa. Ukiniambia nije dukani, nitakuja. Naomba usiniambie.*

Simu ikalia mfukoni mwake. Akavaa miwani, akasoma huku midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akainuka kwa ghafla, akagonga kichwa kwenye draya, akakaa tena.

"Sikuambii," akasema.

Nilimkumbatia na vitana vyangu vyote.

"Ngoja, ngoja. Aproni itakuwa msumarini hadi mwaka uishe. Usipokula, utaivaa." Akashusha sauti. "Sasa, kuna jambo. Unamjua yule kijana wangu wa kaunta? Mpwa wa mama mkwe. Analala, mwanangu. Analala juu ya maboksi ya breki, wateja wanamruka. Nimeshindwa kumwambia mama mkwe, maana akinuna yule, nyumba nzima inanuna. Ulidhani dukani nilikutakia nini? Nilitaka akuone, aone aibu."

"Unataka ujumbe wa namna gani, mjomba?"

"Wa adabu sana," akasema mjomba. "Lakini aelewe."

Niliuandika palepale, akaniwekea malipo yangu ya kwanza juu ya ubao wa pasi, na usiku huo huo blogu ikaanza. Makala ya kwanza ilikuwa radhi ya jirani kwa jirani. Dada aliisomea kila mteja aliyekaa kitini, atake asitake, nao wakapelekeana.

Wiki haijaisha, mama mmoja mzee nisiyemfahamu akasimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani na simu mkononi.

"Ni wewe unayeandika?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mkwe wangu mwenye duka la vipuri kaniletea ujumbe mzuri mno. Tangu amwoe mwanangu hajawahi kuwa na maneno kama haya, sijui kayatoa wapi." Akanisogezea simu. "Nataka nimjibu. Kwa adabu, lakini umchome."

Nyuma yangu nikasikia dada akiinua kitana. Nikamvutia bibi kiti, nikamwomba akae, nikafungua kompyuta na kuanza kutafuta maneno ya kumkatalia.