Stesheni ni Mbili, Baba

Mambo yaliharibika Ijumaa ya tarehe sita Septemba, mwaka 2024, pale Mbinga mjini, adhana ya mchana ilipokwisha na wenye maduka wakavuta milango nusu, wakaenda msikitini. Mzee Othmar Kinunda wa Maguu alibaki peke yake kwenye kibaraza cha duka la rafiki yake Muharami. Simu yake ndogo ya batani alikuwa ameilaza pajani, juu ya kofia, na hakuiondolea macho.

Wiki nzima alikuwa akipanga safari ya watu wawili waliokuwa mbali naye. Oliva, mke wa mwanawe Nicolaus, alikuwa anarudi kutoka Maskati na mtoto wao wa miaka mitano. Kibali chao cha kuishi kule kilikwisha. Nicolaus alibaki na kazi yake ya udereva. Ndege ingepaa usiku na kutua Dar es Salaam asubuhi ya Ijumaa. Alasiri ya siku hiyohiyo wangepanda treni ya kusini, ile ya zamani, walale humo, na Jumamosi washuke Makambako. Hapo wangemkuta Hyasinti, mdogo wake Othmar, na lori lililokuwa limepeleka kahawa, sasa likirudi tupu. Lingewaleta mchana, taratibu, mpaka Mbinga. Ndege, treni, lori. Othmar alikuwa ameipanga safari hiyo kichwani kama anavyopanga mashimo ya ngolo kwenye mteremko wa shamba lake, moja likishindwa kushika maji lile la chini yake lipokee.

Basi halikuwemo, na mtu asingethubutu kumtajia. Basi la usiku ndilo lililomuua mkewe Katarina, miaka mitatu nyuma, kwenye mteremko uliokuwa na kona mbaya na hauna hata jiwe la kumwonya dereva. Othmar alikwenda kwenye ofisi ya serikali akauliza nani aliyeruhusu basi bovu, na nani aliyeipima kona ile akaona inafaa watu. Wakamwambia uchunguzi unaendelea. Alirudi mara ya pili, ukawa bado unaendelea. Mara ya tatu karani hakuinua uso. Tangu hapo Othmar alikuwa na neno moja kwa kila kilichoharibika duniani, kuanzia bei ya kahawa mpaka mvua kuchelewa: wakubwa.

Kulikuwa na shida nyingine, ambayo Muharami aliiona kichekesho. Othmar alikuwa hazungumzi na Oliva. Hawakugombana. Oliva alikuwa mkwe wake, na katika nyumba ya akina Kinunda baba mkwe hasemi na mke wa mwanawe uso kwa uso, wala hataji jina lake. Vijana wengi wa Maguu wameiacha heshima hiyo, Othmar hakuiacha. Katarina alipokuwa hai mambo yalikwenda. Othmar angesema, "Mama, mwambie mwenzio chumvi imezidi," na Katarina angegeuka kumwambia Oliva, aliyekuwa amekaa palepale jikoni na masikio yake mawili. Oliva angejibu kwa njia hiyohiyo. Katarina alipozikwa, njia ile ilizikwa naye. Kilichobaki ni mjukuu, aliyepewa jina la bibi yake. Kwa mjukuu hakuna mwiko. Babu humwita mke wangu, na yeye kila Jumapili hujibu kwenye simu, "Mimi si mke wako, mimi Katarina," kisha wote wawili hucheka.

Kwa hiyo maelekezo ya safari yalipitia kwa Mwanahamisi, mke wa Muharami. Wiki moja kabla, Othmar alimkuta dukani na simu yake kubwa.

"Mzee, namba unayo, sauti unayo," Mwanahamisi alimwambia. "Mwambie mwenyewe."

"Ni mkwe wangu yule."

"Mkwe anang'ata?"

"Kwenu Kilwa labda mnaongea naye kama mnauziana nyanya. Kwetu hapana."

"Haya, leta maneno. Nimeolewa na Muharami, kumbe nimeposwa niwe mdomo wa Wamatengo."

Akabonyeza simu, akarekodi kama alivyoambiwa: ukishuka kwenye ndege, nenda stesheni, panda treni ya alasiri, shuka Makambako, baba yako mdogo atakuwepo na lori. Usipande basi. Baba amesema usipande basi. Akarudia hilo la basi mara mbili kwa sababu Othmar alikuwa amemsimamia. La stesheni alilisema mara moja, kama lilivyotoka kinywani mwa mzee. Stesheni ni stesheni. Ujanani Othmar alikwenda Dar kwa treni hiyo, akarudi kwa treni hiyo. Redio ikianza kueleza treni mpya ya umeme, yeye huizima. Hiyo ni ya wakubwa, husema, wacha wapande wenyewe.

Sasa, Ijumaa hiyo kibarazani, simu ikalia pajani. Namba ngeni.

"Shikamoo baba." Sauti ya mwanamke, haraka, kelele za magari nyuma yake. "Samahani baba, ni mama Katarina. Nimeazima simu ya watu. Tumefika salama, ila forodha wametuchelewesha sana. Sasa dereva wa teksi ananiambia stesheni ni mbili. Baba, niende ipi?"

Othmar alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jibu fupi, ile ya zamani, ya treni ya kusini, na lilifika mpaka kwenye meno. Likakwama hapo. Miaka minane tangu aolewe, hajawahi kumwambia mwanamke huyu hata karibu.

"Baba? Unanisikia?"

Aliilaza simu kwenye benchi, polepole, kama kitu cha moto, akakimbia. Alizunguka nyuma ya duka, uani, akimwita Mwanahamisi kwa jina la mwanawe, "Mama Hafidha, mama Hafidha." Jikoni hayupo. Alimkuta kwa jirani, mikono imejaa unga. Mwanahamisi aliuona uso wa mzee, akamfuata mbio na unga wake.

Simu kwenye benchi ilikuwa imenyamaza.

"Alisemaje?"

"Anauliza stesheni ipi."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Othmar alitazama barabara. Mwanahamisi akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, na safari hii hakufanya mzaha. Aliipiga ile namba. Ikaita muda mrefu, kisha akapokea mwanaume.

"Yule dada? Nilimwazima tu, mama, mimi sijuani naye."

"Ameelekea wapi?"

"Mimi nitajuaje. Alisema hajibiwi. Kuna jamaa alikuwa amesimama karibu, anasikia. Akamwambia twende, dada, mimi treni naijua. Akambebea na begi."

"Jamaa gani?"

"Sasa mama, jamaa. Mtu tu."

Muharami aliporudi kutoka msikitini aliwakuta wamekaa, mkewe na rafiki yake, kama watu wa matanga. Akaelezwa. Alivua kofia, akakaa.

"Othmar, Dar ya leo si ile yako. Mtu akisema treni pale uwanja wa ndege, kila dereva anaelewa ile ya umeme. Na ile inakwenda Morogoro, inakwenda Dodoma. Makambako haijui."

"Atauliza."

"Amekwisha kuuliza," Muharami alisema.

Mwanahamisi alimtumia Nicolaus ujumbe. Haukusomwa, madereva wa kampuni yao walikuwa wakiacha simu zao getini mpaka zamu iishe. Oliva mwenyewe laini yake ya Maskati haikushika hapa, na ya nyumbani alikuwa hajanunua. Walipiga tena ile namba ya kuazima. Ilikuwa imezimwa.

Alasiri ikaingia. Kila saa ya ukutani ilipogonga, Othmar aliiona treni ya kusini ikivuta pumzi, ikijaza watu, ikifunga milango. Aliwaona Oliva na mtoto ndani yake, dirishani. Kisha aliwaona hawamo. Picha hiyo ya pili ndiyo iliyokaa. Aliwatukana wakubwa kwa sauti ndogo: waliojenga stesheni mbili katika mji mmoja, waliowachelewesha watu forodha, walioacha matapeli wasimame milangoni wakisikiliza simu za watu. Muharami alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Mkubwa gani aliyeilaza simu kwenye benchi?"

Othmar aliisogeza simu mbele yake kwenye benchi. Akakaa kama siku ile alipoitwa na polisi kutambua kitenge cha Katarina.

Simu ikalia, akairukia. Ilikuwa Celestina, mama yake Oliva, kutoka Lundo ziwani. Nyuma yake upepo ulikuwa unapiga mabati.

"Mkwe mwenzangu, hujambo huko juu? Watoto wamepanda?"

Macho ya Mwanahamisi yalikuwa kwake. "Wamepanda," Othmar alisema.

"Ahsante Mungu. Nimeanika usipa, kikapu kizima. Mjukuu wangu atakula samaki mpaka aseme basi. Umeongea nao?"

"Wamepanda," alisema tena, akaikata simu mwenyewe.

"Kwa nini umemdanganya?" Mwanahamisi aliuliza.

"Ningemwambia nini?"

Jua liliteremka nyuma ya milima ya upande wa ziwa. Mafundi cherehani walianza kuingiza mashine zao ndani. Muharami alileta chai, ikapoa. Othmar alikuwa amefika mahali ambapo mtu haombi tena wafike. Anaomba tu wawe mahali popote penye taa, penye watu wengi, na yule jamaa asiwepo.

Ilipolia tena ilikuwa namba nyingine ngeni. Aliishika kwa mikono miwili.

"Babu?"

Othmar akaketi. "Mke wangu. Hujambo mke wangu? Uko wapi?"

Alisubiri jibu lao la kila Jumapili. Halikuja.

"Babu, ni mimi, mke wako," mtoto alisema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyekatazwa kulia. "Tuko kwenye treni. Inakwenda mbio sana. Miti inakimbia."

Muharami, aliyeinamisha sikio, alifumba macho. Treni ya kusini haikimbizi miti.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa. Ananiambia maneno, mimi nakwambia wewe."

Othmar akaelewa. Kule mbali, katikati ya watu asiowajua, mkwe wake alikuwa bado anashika heshima yake, kwa mdomo wa mtoto wa miaka mitano.

"Anasema treni yetu ilituacha. Stesheni yetu ilikuwa ile nyingine, gari zilikuwa nyingi tukachelewa. Mjomba akasema tupande hii."

"Mjomba gani?"

"Mjomba huyu. Amekaa na begi letu." Mtoto akashusha sauti. "Simu ni yake."

Mwanahamisi alikuwa amepiga magoti kando ya benchi, mkono mdomoni. Kwenye simu kilisikika kipaza sauti, mwanamke anatangaza jambo kwa sauti nzuri isiyo na haraka, na ndani ya tangazo lile neno moja likapita wazi: Morogoro.

"Babu, anasema tushuke naye hapa. Anasema usiku huu kuna basi la Songea, anamjua dereva. Mama anasema wewe ulikataza basi. Mjomba anasema tusiposhuka tutakwenda Dodoma na huko hatuna mtu."

Songea ni njia ya nyumbani. Othmar aliiona yote kwa mara moja: basi, usiku, ule mteremko na kona yake isiyo na jiwe. Na akamwona mtu asiye na uso, ameshika begi. Upande wa pili Dodoma, usiku, mwanamke na mtoto na hakuna hata jina la kutaja. Alitafuta kichwani mkubwa wa kumpa uamuzi huu, na kwa mara ya kwanza hakumpata hata mmoja.

"Treni inasimama, babu."

"Mpe mama simu."

Kisha mtoto, kwa mshangao, "Babu anakutaka wewe."

Alisikia simu ikipita mkono hadi mkono. Alisikia pumzi. Hakuna aliyesema, kwa sababu mmoja alikuwa hajawahi na mwingine hakuthubutu. Milango ikafunguka kule, watu wakaanza kusukumana, na sauti ya mwanaume karibu ikasema, "Dada, twende, haingoji hii."

"Oliva," Othmar alisema.

Muharami aliinua kichwa. Lile jina lilikuwa halijawahi kutoka kwenye kinywa kile. Kule upande wa pili mwanamke alivuta pumzi kama aliyeguswa na maji ya baridi, kisha akajikaza, akaweka mdomo karibu kabisa na simu ili yule mwanaume asisikie.

"Baba," alisema. "Tushuke?"