Mkono wa Yaya Kwenye Runinga

Yaya alibembeleza mpaka akapewa Jumapili moja ya kwenda kwao, si kwa msiba wala ugonjwa, bali kwa ajili ya runinga. Watu wa kamera walikuwa wamekuja kumrekodi bosi wake, yule mama wa jumba la ghorofa anayeuza mafuta ya nywele, kwa kipindi cha wanawake wanaojua kupanga maisha. Siku hiyo Yaya alikalia kochi ambalo kila siku hulipangusa tu, mtoto wa bosi mapajani, taa zinammulika mpaka jasho likamtoka. Mpiga picha akamwambia, "Dada, umetoka vizuri." Basi! Akampigia simu bintiye nyumbani: mwanangu, utaniona.

Binti huyo alikuwa analelewa na bibi yake, na shuleni walishazoea kumtania kwamba hana mama, ana namba ya simu tu. Sasa leo angewaziba midomo. Wenzake walijaa sakafuni mbele ya runinga ya kichogo, na jirani yao, waliyembatiza Redio kwa umbea wake, alishakamata kiti kizuri kuliko vyote bila kukaribishwa.

Bosi akatokea, amependeza haswa.

"Watoto wangu nawalea mwenyewe," akasema. "Sina msaidizi. Ni kujipangia muda tu."

"Heee! Mwanamke ana macho makavu huyu!" Redio akaruka.

"Hebu nyamaza tusikie," bibi akamkata.

Yaya hakuhisi kitu. Angekasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu, na zake zilikuwa zimebaki kule kwenye ngazi na madirisha. Aliwaza tu kama mtoto wa watu amepewa dawa yake ya kikohozi.

Kwenye runinga, mtoto akaanza kulia. Bosi akamrusharusha, wapi! Ndipo mkono ukaingia kutoka pembeni, mkono mtupu bila mwenyewe, ukamchukua, na sauti ikasikika: "Njoo, njoo kwa mama. Nani kamchokoza mwanangu? Nani kamchokoza kipenzi changu?" Kilio kikakatika papo hapo. Kipindi nacho kikakatika, yakaja matangazo ya mafuta ya nywele.

"Sasa mama yako yuko wapi?" mtoto mmoja akauliza.

"Ule mkono."

Wakacheka mpaka wakagaragara.

"Mkono si ndio yeye? Mlitaka aonyeshwe na maini?" Redio akawafokea, akawafukuza wote nje, naye akatoka nyuma yao, maana habari kama ile haikai tumboni. Bibi akasingizia kufuata kuni, akawaacha wawili.

Binti hakuwa analia. Alikuwa bado anaitazama runinga.

"Walinikata, mwanangu. Walinirekodi mzima mzima, haki ya Mungu."

"Akilia, unamchukua wewe?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Binti akafikiri. Kisha akauliza kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji: "Na mimi unaweza kuniambia hivyo?"

Yaya aliumia, hatimaye. Maumivu yalimjia polepole, kama mguu uliokaliwa vibaya unapoanza kurudiwa na damu. Akatandaza kanga magotini, akafungua mikono. Binti akaja, akakaa. Miguu yake ilikuwa inafika chini. Alikuwa mzito, ananuka sabuni ambayo Yaya hakuwa ameinunua yeye.

"Njoo kwa mama," Yaya akasema, akimpapasa mgongo. "Nani kamchokoza mwanangu? Nani kamchokoza kipenzi changu?" Sauti ilitoka laini, imezoea njia. Na mwisho wake, kabla hajaidaka, ikalitaja jina. Jina la yule mtoto wa jumbani.

Mkono ukamganda mgongoni mwa binti.

Binti alilisikia vizuri sana. Akajilaza kifuani, akafumba macho.

"Abee, mama," akaitika.